Picha Iliyokaa Chini ya Kaki

Katika mji wa Tukuyu, kwenye njia inayoteremka kutoka sokoni, pana chumba chenye dirisha pana ambamo Bi Mwanabibi binti Jaffari hujalidi vitabu. Mvua ya huku haina adabu mbele ya karatasi. Haigongi mlango, huingia pamoja na ukungu wa asubuhi, ikatulia baina ya kurasa, na baada ya misimu kadhaa gundi huachia, uzi huoza, na msahafu au Biblia ambayo mtu aliinunua kwa jasho la chai na ndizi huanza kumwaga kurasa zake. Hapo ndipo watu wa dini zote mbili humkumbuka Bi Mwanabibi.

Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye vidole ambavyo ncha zake zimelainika kwa maji ya gundi. Alipofiwa na mumewe Khalidi, aliyekuwa akinunua kahawa vijijini, hakurudi kukaa kwa ndugu. Alirudi kwenye meza ya marehemu baba yake. Wapo walionong'ona kwamba kazi ya kisu na jiriwa la kubania vitabu si ya mwanamke. Yeye alikata kadibodi, akashona migongo ya vitabu, na haukupita muda mrefu wanong'onaji wale wale wakamletea juzuu za watoto wao.

Mwezi wa Desemba, wenyeji waliohamia miji mikubwa wanaporudi kula sikukuu, chumba chake hupata wageni wa aina nyingine. Hawa hawaleti kitabu. Wanakuja na picha vichwani mwao, wakitumaini kwamba fundi wa vitabu huenda ameibakiza mahali fulani. Bwana mmoja mwenye mvi, aliyeshuka kwenye gari la kifahari, alisimama mlangoni kwa haya kama mtoto aliyechelewa darasani.

"Bibi, natafuta kile chenye kobe amekaa juu ya debe."

"Kinaitwaje?"

"Jina silijui. Lakini kobe namjua, na debe nalijua. Lilikuwa na kutu upande wa chini."

"Basi ukimpata huyo kobe nisalimie," alisema Bi Mwanabibi. "Wewe ni mtu wa tatu kuja kumwulizia, na mimi mwenyewe namtafuta."

Bwana yule alicheka, kisha akaketi, akamweleza fundi habari za kobe yule kwa kirefu: macho yake yalivyokuwa, anga lilivyokuwa la manjano badala ya buluu, na jinsi yeye, kabla hajajua herufi hata moja, alivyolala na kitabu kile kifuani. Hadithi iliyokuwamo ndani alikuwa ameisahau yote. Sioni ajabu katika hilo. Jalada ndilo ukurasa ambao mtoto huusoma mwanzo, naye huusoma bila mwalimu. Herufi atafundishwa na watu, na watu wanaweza kumchapa akizikosea. Lakini picha ya jalada huipokea peke yake, moja kwa moja, kama anavyopokea uso wa mama yake. Kwa hiyo mtu mzima anapolitamani jalada la utotoni, huwa hatamani karatasi. Anatamani kuyapata tena macho yale aliyolitazamia.

Ila katika wilaya hii majalada hayo ni adimu kuliko mahali pengi, na sababu yake ni wema wa mtu mmoja, naye ni baba yake Bi Mwanabibi.

Mzee Jaffari alijifunza kujalidi kwa ajili ya misahafu, na aliamini kwamba kufunika ni namna ya kutukuza. Mwenyezi Mungu ni mwenye kusitiri. Msahafu husitiriwa kwa kitambaa. Na mja mwenye aibu hustahili kusitiriwa na wenziwe. Basi shule za jirani zilipoanza kumpelekea vitabu vya kusomea ili avijalidi kwa karatasi ya kaki visichakae, alivitendea kama alivyotendea kila kitabu. Mahali pengine karatasi ya kaki hukunjwa tu pembeni, na mtoto anaweza kuichungulia picha chini yake. Huku, kwa sababu ya unyevu, karatasi iliyokunjwa hujikunjua. Mzee Jaffari aliibandika. Alipaka gundi jalada zima, kona hadi kona, akalaza kaki, akalisugua kwa mfupa laini wa kujalidia mpaka likawa kama ngozi ya ngoma. Walimu walimsifu. Vitabu vilidumu. Picha zote zikaenda gizani.

Na gundi yenyewe ilikuwa na habari yake. Mafundi wengine walitumia gundi ya ngozi iliyochemshwa, ambayo hushika kama msumari. Mzee Jaffari aliikataa, kwa kuwa hakuweza kujua ngozi ile ni ya mnyama gani, wala alichinjwa vipi, naye hakuthubutu kukipaka kitu kama hicho kwenye kitabu cha Mungu. Alipika gundi ya unga wa ngano uliochekechwa, akatia mafuta ya karafuu kidogo ili kuwafukuza wadudu. Chungu kilikuwa kimoja kwa vitabu vyote. Wazee wa kanisa waliokuwa wakimletea Biblia walipenda kumtania wakimwuliza kama na Biblia zao anazichinjia. Alikuwa akiwajibu kwamba yeye hajui kupika chungu cha Waislamu na chungu cha Wakristo. Wakitaka cha peke yao walete kuni.

Mwaka jana, msimu wa mvua ulipoanza kupungua, aliingia chumbani humo mama mmoja kutoka Masoko, jina lake Tulinagwe, mkulima wa migomba na kahawa. Alikuwa amefuatana na binamu yake, Meshaki, mwana wa mjomba wake, mwanamume mrefu mwenye koti kuukuu na maneno mengi. Tulinagwe alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alipokifungua, kilikuwa kitabu chembamba cha shule, cheusi kwa masizi, chenye harufu ya moshi na mbegu za mahindi. Kaki iliyokifunika ilikuwa ngumu kama gome.

Bi Mwanabibi alikigeuza mara moja tu akaijua mikunjo ya kona. Hiyo ilikuwa kazi ya baba yake.

Tulinagwe alieleza kwa utulivu, na mimi ninayaandika maneno yake kwa ufupi kadiri nilivyoyapata kwao wenyewe. Alikuwa na kaka yake aliyeitwa Asajile. Siku moja ya mvua, walipokuwa wakienda shule, Asajile akiwa mbele na yeye nyuma na jani la mgomba kichwani badala ya mwavuli, walimkuta mgeni ameketi barazani mwa duka, na karatasi magotini. Aliwaomba wasimame. Aliwachora, akawapa biskuti, akaenda zake. Ilisemekana kwamba ni mchoraji wa nyumba fulani ya kuchapa vitabu, anayezunguka kutafuta sura za watoto. Mwaka uliofuata surua iliingia kijijini. Iliwalaza wote wawili. Yeye aliamka, Asajile hakuamka. Na alipokuwa ameanza tena kwenda shule, lilifika boksi la vitabu vipya, mwalimu akalifungua, na pale juu ya kila kitabu, juu ya kila dawati, kaka yake alikuwa akitembea katika mvua.

Alipiga ukelele. Mwalimu alidhani homa imemrudia, akamtuma nyumbani. Aliporejea shuleni baada ya kupumzishwa, vitabu vilikuwa vimekwenda Tukuyu na kurudi, vyote vimevaa kaki.

"Na hakuna aliyemsadiki mpaka leo," Meshaki alidakia, kwa ile ruhusa ya utani iliyopo baina ya mabinamu. "Mama, huyu binamu yangu ana kaka yake kwenye vitabu vya serikali. Wengine tuna kaka zetu kwenye mashamba ya chai, wanachuma. Wake yuko madukani, anauzwa."

"Wewe ulikuwa umepelekwa kusoma Suma," alisema Tulinagwe bila kumtazama. "Hukukiona."

"Sikukiona. Waliokuwapo nao wanasema waliona mtoto na mvua. Watoto wako wengi, na mvua huku ndiyo kabisa."

Tulinagwe hakukasirika. Ilionekana kwamba wameyasema maneno hayo maisha yao yote, kama watu wanavyoimba kibwagizo. Alimweleza fundi kwamba shule ilipobadilisha vitabu, vile vya zamani waligawiwa wanafunzi, naye alichukua kimoja. Lakini mama yake, asiyetaka kuona huzuni ikifukuliwa nyumbani, alikificha. Kilipatikana walipobomoa jiko la zamani ili wajenge la matofali. Kilikuwa darini juu ya meko, chini ya mbegu, ambako kilikuwa kimefukizwa moshi kwa miaka yote hiyo. Picha nyingine ya Asajile hakuna. Wakati ule mpiga picha alipatikana mjini, na watoto wa wakulima hawakupelekwa mjini kupigwa picha.

Bi Mwanabibi alikiweka kitabu mezani, akavua miwani, akaifuta. Aliwahi kubandua kazi za baba yake, na kwa kawaida gundi ya ngano ilikuwa na huruma: ukiipa unyevu na subira, inaachia. Lakini hiki kilikuwa kimekaa juu ya moto. Moshi na mafuta ya jikoni vilikuwa vimeingia katika gundi na kuigeuza kitu kingine. Aliwaambia kwamba anaweza kujaribu, na kwamba anaweza kukiharibu, na kikiharibika hakuna kingine. Aliwaomba wakiache, wawe wanapita kuuliza.

"Hapana, mama," alisema Tulinagwe. "Sitakiacha."

"Kazi hii ni ya polepole. Utachoka kukaa."

"Siku ile walipomfunika kaka yangu, mimi nilikuwa nimelala mgonjwa chumba cha pili. Sikumuaga. Leo mkimfunua, nataka niwepo."

Bi Mwanabibi alikubali, akawapangia siku ambayo hatakuwa na kazi nyingine, na akawaambia waje mapema, ukungu ukiwa bado haujaondoka, maana hewa yenye unyevu ingemsaidia.

Siku ile walifika wakiwa wamelowa miguu. Birika lilikuwa likitoa mvuke; vitambaa vya pamba vilikuwa vimelowekwa na kukamuliwa. Bi Mwanabibi alisema Bismillahi. Tulinagwe aliinamisha kichwa akasali kwa Kinyakyusa. Meshaki alivua kofia, akakosa pa kuiweka, akaishika.

Fundi alianza upande wa mgongo wa kitabu. Aliichana kaki kwa kisu chembamba kandokando ya mgongo, akaacha upande wa pili, ambako karatasi ilikunjwa kuingia ndani ya jalada, ubaki umeshika kama bawaba. Kisha akalaza kitambaa chenye unyevu juu yake, akasubiri, akakiondoa, akaingiza ncha ya mfupa chini ya kaki. Akarudia. Akarudia tena. Mazungumzo yakawa ya watu wanaongoja: bei ya ndizi, barabara ya Masoko, Safina, binti wa Bi Mwanabibi aliyeolewa Mbeya. Meshaki aliuliza kama mtu akisubiri namna hii kwa daktari naye hupewa chai. Alipewa.

Kaki ilikubali. Ilipanda taratibu, na chini yake rangi zikaanza kutoka, zikiwa mbichi kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia, maana jua halikupata kuzigusa: kijani cha migomba, mistari myembamba ya mvua iliyochorwa kwa mshazari, kisha kikapu, kisha mguu wa mtoto wa kike, kisha jani kubwa la mgomba lililomfunika kichwa hadi mabegani. Uso wake haukuonekana. Kilichoonekana ni kidevu tu, kimeelekezwa mbele, kwa mtu aliyemtangulia.

"Ni mimi," alisema Tulinagwe.

"Ni jani," alisema Meshaki, lakini kwa sauti ndogo.

Bi Mwanabibi aliendelea kwenda kulia, ambako kaka mtu angekuwapo. Ndipo mkono wake uliposimama. Kisigino cha mvulana kilikuwa kimetokea, na pale kilipotakiwa kuendelea kuwa mguu, palikuwa na kadibodi nyeupe yenye nyuzinyuzi. Aliinua kaki na kuitazama kwa ndani. Ngozi nyembamba ya jalada ilikuwa imebanduka pamoja nayo. Upande huu wa kitabu ulikuwa ndio uliolalia meko. Gundi ilikuwa imekaukia kwenye picha ikaishika kwa nguvu kuliko kadibodi ilivyoishika.

Aliweka mfupa chini, akawaambia ukweli wote. Akiendelea kuvuta kama alivyofundishwa, picha itachanika vipande, nusu itabaki huku na nusu itakwenda kule, na uso utakuwa katikati ya mpasuko. Akiacha, watakuwa wamempata dada mtu akiwa mzima, na kaka mtu atabaki chini ya kaki, salama, bila kuonekana.

"Mwache hapo hapo," Meshaki alisema upesi. Kisha akamgeukia binamu yake, na safari hii hapakuwa na utani katika neno lake. "Nakwambia kwa wema. Ukijua kwamba yumo, inatosha. Ukimchana utaota ndoto mbaya mpaka ufe."

Tulinagwe alikuwa akimtazama fundi, si kitabu.

"Wewe ungefanyaje, mama Safina?"

Swali hilo Bi Mwanabibi alikuwa analiogopa. Baba yake alimfundisha kwamba wajibu wa mjalidi ni kwa kitabu: kila kilicho cha kitabu kibaki kwenye kitabu. Kwa kanuni hiyo alitakiwa kuacha. Lakini alipokuwa ameshika ile kaki iliyoinuka, aliona jambo ambalo vidole vyake vilikuwa vimelijua kabla yake. Picha haikuwa inachanika kwa sababu inabanduka. Ilikuwa inachanika kwa sababu yeye anaizuia isibanduke. Ilikuwa imekwisha kuchagua upande wa kwenda. Kumbe kilichotakiwa kulegezwa si kaki, ni kadibodi.

"Ningemwacha aende na karatasi," alisema hatimaye. "Mzima. Halafu ningemtafuta huko huko."

"Na akienda, utamwona? Si atakuwa amelalia uso?"

"Atakuwa ametupa kisogo. Lakini ngozi ya karatasi iliyo mgongoni mwake ni nyembamba. Nikiilowesha naweza kuisugua kwa kidole, itoke kama ukoko, ibaki rangi. Nimeshawahi kufanya kwa herufi. Kwa uso sijawahi."

Tulinagwe alitikisa kichwa kukubali. Fundi alifungua jalada, akaondoa kitambaa kule kwenye kaki, akakilaza kwa ndani, chini ya kadibodi yenyewe, akazidisha maji kiasi ambacho baba yake angelimgombeza. Ukungu dirishani ukainuka, jua likaanza kugusa mabati ya sokoni, na bado wakangoja. Alipoingiza tena mfupa, aliuingiza baina ya picha na kadibodi. Ulipita kama unavyopita katika maziwa yaliyoganda. Upande mzima wa kulia ukainuka na kaki, ukalala wazi mezani kama ukurasa uliofunuliwa; na juu yake hapakuwa na kitu ila weupe ulionyauka, mfano wa utando.

Akachovya ncha ya kidole, akaanza kwa miguu. Utando ukajikunja ukatoka. Ukatokea unyayo, ukatokea tope, ikatokea kaptura. Alipofika mabegani alisimama, akamsogezea Tulinagwe bakuli la maji.

"Uso umfanye wewe."

"Mikono yangu ni ya jembe, mama. Itamkwaruza."

"Watoto na wajukuu uliwanawisha kwa mikono ya nani?"

Tulinagwe alinawa, akachovya kidole cha mwisho, kilichokuwa laini kuliko vingine, akainama. Alianzia kwenye shavu. Alisugua kwa mviringo mdogo mdogo, kama mama anavyomtoa mtoto tongo asubuhi bila kumwamsha. Lilitoka shavu, likatoka sikio lililosimama mbali na kichwa, likatoka jicho moja lililokuwa limekunjwa kwa ajili ya mvua, na mdomo uliokuwa karibu kusema. Hakulia wala hakupiga ukelele. Alisema tu, polepole, kama mtu anayemsalimia mgeni aliyechelewa, "Ndaga, Asajile. Ndaga." Hiyo ndiyo shukrani ya Wanyakyusa, na huisema hata kwa aliyefika tu.

Meshaki alikuwa amesogea bila wenzake kumwona. Alikuwa ameinama juu ya bega la binamu yake, lakini hakuwa akitazama uso. Alikuwa akitazama kifua.

"Huo mfuko," alisema.

Kwenye shati la mvulana palikuwa na mfuko usiofanana na shati. Shati lilikuwa la rangi moja. Mfuko ulikuwa na mistari, kama kitambaa cha godoro.

"Huo mfuko aliushona mama yangu," Meshaki alisema. "Kwa kipande cha godoro la misheni. Nilichekwa nao shule nzima. Lile shati ni langu." Kisha akakunja uso, akajigusa kifuani. "Lakini ulikuwa huku, kushoto. Huyu anao kulia."

Bi Mwanabibi akamweleza kwamba picha waliyokuwa wakiiona ni kwa nyuma, kama mtu anayetazama maandishi ya dirishani akiwa ndani ya duka; kilichokuwa kushoto kimekwenda kulia. Mfuko ulikuwa kushoto, kama alivyosema.

Meshaki aliketi. Alimwambia Tulinagwe bila kuinua macho: "Aliliazima kwangu siku moja kwa kuwa lake lilikuwa limelowa. Nilipelekwa Suma kabla hajanirudishia. Miaka yote hii nimekuwa nikisema si yeye, na alikuwa amevaa shati langu."

"Ungeniamini, ungelipata mapema," Tulinagwe alimjibu, naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomletea machozi.

Ilibaki kazi ya kuamua. Bi Mwanabibi aliwaeleza kwamba yako mambo mawili anayoweza kufanya. Anaweza kuikata picha ya mvulana pamoja na kaki yake akaibandika mahali pake kwenye jalada, nyuma ikiwa mbele, na kitabu kikawa na picha moja tena, ingawa mvulana atakuwa amegeuka. Au anaweza kuviacha vilivyo, jalada upande huu na kaki upande ule, akaviwekea kadibodi mpya inayofunguka kama milango miwili.

Tulinagwe alitazama meza. Upande wa kushoto palikuwa na jalada, na juu yake msichana wa jani la mgomba, kidevu mbele. Upande wa kulia palikuwa na kaki iliyofunuliwa, na juu yake mvulana aliyekuwa zamani akimwacha nyuma. Kwa kuwa alikuwa amegeuzwa, sasa uso wake ulimwelekea dada yake.

"Alikuwa hanisubiri," alisema. "Kila siku nilimwona kisogo mpaka mlangoni mwa shule, na mimi nikimwita. Waache hivyo hivyo, mama."

Kwa hiyo Bi Mwanabibi alikata kadibodi, akakoroga gundi ya ngano, akawatengenezea makao yao. Meshaki, ambaye sasa alikuwa amejipa wadhifa katika jambo hilo, alishauri kwamba juu yake pafunikwe kwa karatasi ngumu, vumbi lisiingie; wanawake wawili walimtazama kwa pamoja, naye akasema basi, lilikuwa wazo tu.

Waliondoka adhuhuri, muadhini akiwa anaadhini. Bi Mwanabibi alitawadha, akasali, na katika dua yake alimwombea baba yake, aliyesitiri kwa nia njema, na Asajile pia, ambaye hakumjua. Sidhani kwamba alikosea. Aliporudi dirishani aliwaona wale wawili bado wako stendi ya bodaboda chini ya njia. Kitabu alikuwa amekishika Meshaki, kimefunguliwa pande zote mbili, na alikuwa akimwonyesha dereva kifua cha mvulana kwa kidole, akimweleza, kwa sauti iliyofika mpaka juu, kwamba mtoto huyu ni ndugu yake, na mfuko wa shati hilo, akitaka kujua, ulishonwa na nani.